Alama Mbili za Chaki

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mama za kwake kabla hajauliza. Magoti yake yanaendeleaje? Na wewe umeanza kula, au bado unasukuma sahani pembeni na kusema umeshiba? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba umekonda. Mimi ni mzima, ila uchovu umeniingia hadi kwenye mifupa. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara nyingi nikiwa nimepiga moyo konde, lakini nikisikia sauti yako naishia kuuliza kama huko mvua imenyesha. Jambo lenyewe linahusu maneno uliyoyasema msibani. Uliwaambia watu wote waliokuwa kibarazani kwamba aliyeizuia ndege yenu asubuhi ile, akakufanya umkose baba, hutamsamehe mpaka unaingia kaburini. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Nilikupa glasi ukaipokea.

Kazi yangu unaijua juu juu tu. Ulizoea kunitania kwamba nilisoma miaka yote ile ili nije kubonyeza matairi kama mtu anayechagua maparachichi. Basi nikueleze. Kabla ndege haijaondoka, napita chini yake na tochi na geji ya upepo. Naangalia mifereji ya tairi imelika kiasi gani, kama kuna mkato, kama kuna mahali pamevimba, kama nyuzi za ndani zimeanza kuchungulia. Rimu naikagua kama ina ufa, na boliti naziangalia moja moja. Lakini kuna kipande ambacho hakuna tochi inayoweza kukifikia, kile kilichokaliwa na uzito wa ndege yenyewe. Hicho nakiwekea alama mbili za chaki, moja huku na nyingine huku, halafu naita trekta liisogeze ndege kidogo. Kipande kikipanda juu nakikagua, nafuta chaki kwa kitambaa, ndipo natia saini. Baba alikipenda sana kisa hicho cha chaki. Alisema kumbe jina la Kobe alilonipa utotoni lina faida, maana mtu wa haraka asingekumbuka kuangalia panapokaliwa.

Tangu alipolazwa nilikuwa nafanya zamu mbili kwa siku, yangu na ya mwenzangu, ili nipate siku za kuja kumuuguza. Wewe ulitangulia kwa ndege ya saa moja asubuhi, mimi nifuate kesho yake. Nilikuona ukipanda ngazi na lile sweta la kijivu ulilomfumia baba mkononi. Nilifurahi, dada. Miaka miwili baba alikuwa hataki hata kulisikia jina la shemeji, nawe kwa kichwa chako kigumu ukawa hukanyagi nyumbani. Sasa mwenyewe alikuwa amekuita.

Nilikuwa nimeshaweka chaki kwenye matairi ya nyuma. Dereva wa trekta akanijibu kwamba anamalizia ndege nyingine, nivute subira. Nikiwa nangoja, mama akapiga simu, akasema baba ameuliza mara mbili kama umefika. Nikamwambia amwambie bado kidogo tu. Nilipokata simu nikachukua fomu, nikatia saini kwamba matairi yote yamekaguliwa mzunguko mzima.

Trekta lilikuja baadaye, kuisukuma ndege itoke. Magurudumu yalipoanza kuzunguka, nikaziona alama zangu zikipanda polepole, nyeupe vilevile, hazijafutwa. Nikanyanyua redio nikasema isimame.

Ndiyo, dada. Ni mimi.

Nilidhani ni suala la dakika kumi. Ndege ilirudishwa, nikapiga magoti, nikakiangalia kile kipande kwa tochi, kisha nikakipapasa kwa kiganja. Lakini kwa kuwa nilishakiri kuwa nimesaini bila kukagua, saini yangu haikuwa na thamani tena. Msimamizi akasema lazima aje mkaguzi mwingine aanze upya gurudumu hadi gurudumu, na huyo akaitwa kutoka nyumbani kwake. Alipomaliza, rubani akawa amevuka saa zake za kazi, ikabidi atafutwe mwingine. Mkaondoka saa tano na nusu. Baba alikuwa amefariki saa nne.

Shemeji alikuliwaza kwamba pengine huyo mtu aliwaokoa. Wewe ukasema labda. Hilo labda ndilo limeninyima usingizi. Ningeweza kukwambia nilikuta mkato wa urefu wa kidole, na msimamizi mwenyewe alinishauri tuandike hivyo ili abiria watulie. Nilikataa. Tairi lilikuwa zima, dada. Hapakuwa na chochote, hata mkwaruzo.

Ningeishia hapo, huenda ungesema nilifanya kazi yangu. Lakini kuna lingine ambalo nalionea aibu kuliko hilo. Wiki zile za zamu mbili, niliwahi kuweka chaki, nikachoka kungoja trekta, nikaifuta bila ndege kusogezwa, nikasaini. Mara tatu. Ndege zote tatu zilikwenda na kutua salama, nami nikaenda kunywa chai. Asubuhi ile pia, alama zilipopanda, wazo langu la kwanza lilikuwa niiache iende kama zile nyingine. Nikanyanyua redio kwa sababu nilikumbuka wewe umo ndani. Wale wa ndege tatu walikuwa na wadogo zao pia. Na kama siku hiyo usingekuwamo, nakwambia bila kuzungusha maneno, ndege ingeondoka kwa wakati.

Haya yote nimeshamweleza msimamizi. Ameniondoa uwanjani, sasa nipo karakana naosha rimu, nikingoja watakachoamua. Wakinifukuza sitawalaumu. Ninachokiogopa ni kiapo chako, maana nakujua, huna tabia ya kurudisha maneno.

Pamoja na barua hii utakuta lile sweta. Ulinipa siku nilipoondoka msibani nikakuacha na mama, ukasema halina mwenyewe, na mimi ndiye niliyemhangaikia baba kuliko wote, basi nilivae. Sijawahi kulivaa, hata siku za baridi. Ulimpa mtu usiyemjua. Nalirudisha kwako, ukae nalo ukiwa umeshajua. Siku ukiona naweza kulipokea, nitumie, wala usiandike neno. Usipolituma nitaelewa.

Nisalimie shemeji. Mwambie mama dawa ya kuchua aipake asubuhi pia, asingoje mpaka maumivu yamzidi. Barua hii msomee, ila umkalishe kwanza. Aliuliza mara nyingi mbona siku ile nilimwambia bado kidogo tu.

Ni mimi mdogo wako,

Kobe