Vidole Visivyosomeka

Jumapili, 3 Mei

Miaka sita kasoro mwezi tangu nitoke nyumbani. Viza inakwisha mwisho wa mwezi huu. Harusi ya binti yangu wa kwanza ni Jumamosi, 13 Juni. Ameshaiahirisha mara mbili kwa kunisubiri. Leo kanipigia: Baba, safari hii hatusogezi. Upande wa bwana harusi wameanza utani, wanauliza kama baba wa bibi harusi ni mtu au ni sauti ya simu. Nilicheka. Simu ilipokatika sikucheka tena.

Jumatatu, 4 Mei

Mwenzangu wa chumbani ni mchomeleaji, tunamwita Wakili. Hajawahi kuiona mahakama kwa ndani, ila hakuna sheria asiyoijua. Nikamwuliza nitaendaje harusini na kurudi. Njia ziko tatu, kasema, na zote zina miba.

Kwanza, kampuni ikuongezee mwaka mmoja. Haraka, wala huendi popote. Lakini huvuki mpaka bila barua ya msimamizi. Pili, ukaazi wa miaka mitano, kwa jina lako mwenyewe. Ukishaupata unatoka, unaingia, humpigii mtu magoti. Ila wanataka alama mpya za vidole, halafu usubiri jibu. Tatu, ondoka tu, ukaombe upya ukiwa kwenu.

Wangapi wamerudi kwa njia hiyo ya tatu? Akafungua mkono aanze kuwahesabu. Mkono ukabaki wazi vilevile.

Jumanne, 5 Mei

Msimamizi wetu tumempa jina la Upesi, maana neno lake ni hilo hilo toka asubuhi. Nimemwomba barua. Kasema sakafu ya ukumbi tunaoujenga kwanza, harusi baadaye! Na ukumbi unafunguliwa mwisho wa Juni. Nikamwambia, bosi, binti hawezi kukaa amevaa shela mpaka saruji ikauke. Akajibu basi nikaolewe mimi badala yake. Watu wakaangua kicheko. Mimi nimepiga magoti, kigae mkononi. Kigae nikakivunja — na si kwa bahati mbaya.

Basi ni ile ya miaka mitano. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 14 Mei

Upuuzi mtupu! Nimepiga pasi shati, nimeng'arisha viatu. Mikono ilikuwa na saruji kwenye mikunjo, nikaona aibu kwenda nayo kwenye ofisi za uhamiaji. Nikaisugua kwa ile asidi tunayosafishia vigae. Ikatakata kama ya karani.

Dada mwenye miwani akanishika kidole, akakibana kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu. Kingine. Nyekundu. Vyote!

— Mzee, huna vidole.

— Ninavyo kumi, dada, hesabu.

— Mashine haivioni.

Foleni yote nyuma yangu ikacheka. Akanieleza: saruji hula ngozi pole pole, na hiyo asidi imemalizia. Nipumzishe mikono, nipake mafuta, nirudi tarehe 26. Nipumzishe mikono! Vigae nipange kwa nini, kwa pua?

Jumapili, 17 Mei

Wakili kaninunulia mafuta ya mgando na glavu za pamba. Ninalala nazo. Kasema nafanana na daktari aliyefukuzwa kazi. Kazini navaa za mpira: kigae kinateleza, mistari hainyooki. Jana Upesi kasimama juu yangu, kauliza tangu lini sakafu inawekwa na bibi harusi. Kanihamishia kufagia na kubeba maji. Fundi mzima! Niliowafundisha mwenyewe kushika mwiko wananiambia, pisha kidogo, mzee.

Mama watoto kapiga. Kasema chukua huo mwaka mmoja wa kampuni, kazi ibaki, harusi tutakurekodia. Nikamwuliza, wewe ndivyo unavyotaka? Kasema yeye anataka nije. Lakini wa pili bado yuko chuoni, na nikikosa kazi huku, nani atamsomesha? Hasira zangu nikamalizia kwa ufagio.

Jumanne, 26 Mei

Tisa! Vidole tisa vimekubali! Dole gumba la kulia limegoma. Yule dada kalifuta, kalipulizia, kalibana kwa mikono yake miwili kama anakamua chungwa. Nyekundu. Kasema njoo Ijumaa, baada ya hapo viza yako imekwisha na mimi sina la kufanya. Kasema kwa upole. Bora angenifokea. Njia nzima nimelitukana dole gumba kama vile ni mtu.

Jumatano, 27 Mei

Sikugusa kitu. Upesi nimemwambia naumwa. Wakili kanifulia shati. Ningemwachia, angenilisha.

Ijumaa, 29 Mei

Kijani! Foleni ikapiga makofi. Dada kagonga muhuri, nami namshukuru mpaka anaona haya. Ndipo akasema, kama mtu anayeaga tu: usitoke nchini mpaka jibu lije. Ukitoka, ombi limekufa.

Jibu lini? Wiki mbili, kasema. Au tatu. Wengine mwezi.

Nikaenda moja kwa moja karakana kwa Wakili. Mbona hukuniambia? Kavua miwani yake ya kuchomelea. Eti hilo alidhani kila mtu analijua! Kwa hiyo nimefagia, nimechekwa, nimejipaka mafuta kama mzazi aliyetoka leba — ili nijifungie mlango mwenyewe. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikakumbuka shati alilonifulia, nikaondoka.

Jumapili, 31 Mei

Viza imekwisha leo. Nina kipande cha karatasi chenye muhuri tu.

Binti kapiga mchana. Kesho ratiba ya harusi inakwenda kuchapwa. Anataka kujua kwenye mstari wa anayemtoa bibi harusi waandike nani, mimi au baba yake mdogo. Kasema, Baba, sikulaumu, niambie tu ukweli. Kwa nyuma namsikia mama yake akimwambia, mwache, usimsukume baba yako.

— Niandike mimi, mama. Baba yako mdogo akae kiti cha pili.

— Jibu limetoka?

— Halijatoka.

— Lisipotoka je?

— Litoke lisitoke, nitafika Alhamisi, tarehe kumi na moja.