Salamu za Kwenye Kona

Mtaa wa Mtakatifu Ursula,
Valletta, Malta.
9 Novemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Dolor,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Wistin, na kwamba goti limeacha kukusumbua sasa kwa kuwa huko kwenu joto limeanza. Mimi sijambo. Kifua hunibana unyevu ukiingia, lakini nakula, nalala, na ngazi bado nazipanda mwenyewe, ingawa mkate nauvuta kwa kikapu na kamba kama alivyofanya mama.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kama nitakuja kukaa nanyi Melbourne, na sasa unasema binti yako Rita anataka jibu kabla ya Krismasi, asije akampa mtu mwingine kile chumba. Usidhani nilinyamaza kwa dharau. Nilikuwa sijui la kujibu.

Mtaa wetu umekwisha, Dolor. Kwa kina Salvu pamekuwa hoteli, na kwa mshona viatu pia. Kutwa ni masanduku ya magurudumu yakigonga ngazi za mtaa, na wenye masanduku wananipiga picha nikianika soksi. Wiki nzima inaweza kupita sijaongea na mtu ila muuza mkate, naye ana haraka zake. Nina upweke, sioni sababu ya kukuficha.

Halafu mwezi wa tatu wakaja kumchukua Mama Maria wetu, ile sanamu ya jiwe ya hapa kwenye kona. Chumvi ya bahari ilikuwa imemla pua na vidole. Vijana wa kamati ya parokia walimfunga blanketi wakamshusha kwa kreni, mimi nimesimama hapo hapo kwenye roshani, hata mkono ungemfikia. Nikawauliza anarudi lini.

"Kabla ya sikukuu yake, bibi, ondoa wasiwasi."

Sikukuu ikapita Julai, na kijumba chake ukutani ni kitupu mpaka leo. Njiwa wamehamia. Taa yake bado naiwasha, maana waya unatoka jikoni kwetu. Dada mmoja wa hotelini aliniambia, "Bibi, wewe unawamulikia njiwa." Nikamjibu kwamba nao hawalipendi giza, kama asivyolipenda yeye.

Unaukumbuka ule utundu wangu? Kila aliyepita pale chini alivua kofia akasema "Salamu Maria," na mimi, kwa kuwa jina ni langu na roshani imepakana na sanamu, nilikuwa najificha nyuma ya pazia naitikia, "Salamu nawe, habari za nyumbani?" Baba alinichapa, padre akacheka, na tangu hapo mtaa mzima ukaniita Maria wa Kona. Kati ya walioniita hivyo amebaki Nenu peke yake, yule aliyekuwa akituuzia sambusa za jibini. Macho yake sasa yameingia ukungu, anatembea akipapasa ukuta.

Nenu hupita kila jioni akienda kanisani. Hata baada ya sanamu kutolewa, aliendelea kusimama pale pale. Anavua kofia, anainua uso, "Salamu Maria," kisha anaenda zake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba anasalimia tundu. Nilikuwa nakaa kimya kwenye kiti changu, namwonea huruma.

Jumanne iliyopita nilikuwa nimekwisha kuamua kuja. Nilishusha sanduku la marehemu mume wangu Pawlu kutoka juu ya kabati, nikapanga nguo, nikatoka roshani kuanua zilizobaki. Nenu akafika, akasalimu. Nikaona si haki niondoke nimemwacha mzee wa watu akidanganyika.

"Nenu, Mama Maria hayupo. Walimtoa zamani."

"Najua hayupo. Mwanangu aliniambia siku ile ile."

"Sasa jioni zote hizi unamsalimu nani?"

"Si wewe, Maria wa Kona? Nakusalimu, huitiki. Utotoni ulikuwa na adabu kuliko sasa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, naye anangoja huko chini na kofia yake mkononi. Hakuondoka mpaka nilipomwitikia.

Kwa hiyo mwambie Rita ampe mwingine chumba, na wewe usinikasirikie. Upweke haujaisha, na kipindi cha baridi utanizidi, hilo nalijua. Lakini yuko mtu anayesimama kila jioni kungoja niitike, na nikija huko atamsalimu nani?

Nisalimie shemeji Wistin, na Rita na mumewe, na uwabusu wale pacha. Mungu awafunike kwa mkono wake, awaepushe na maradhi na njia mbaya. Sasa ni zamu yako kuja, mdogo wangu. Siku utakayofika usibonyeze kengele. Simama pale kwenye kona, useme salamu. Hata kama watakuwa wamemrudisha yule wa jiwe, nitajua ni yangu.

Wako akupendaye, dada yako,

Maria wa Kona