Kucha Mbili

Ijumaa, Juni 1957

Kucha zangu mbili bado zipo, na sijui kama nifurahi.

Bila hizo siwezi kurusha ule mpira wa polepole. Mwalimu wetu Mmarekani, aliyetuletea besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, alinionyesha: unaushika kwa ncha za kucha, unausukuma bila kuuzungusha, nao unakwenda ukiyumba kama kipepeo mpaka mpigaji anapiga hewa. Hata mimi sijui utaelekea wapi. Kesho tunacheza na wavulana wa Rongai, na sijui kurusha kwa namna nyingine. Mkono wangu hauna nguvu.

Leo asubuhi kulikuwa na ukaguzi wa usafi. Kiranja wetu, Kiprono, alipita na mkasi kama kila Ijumaa. Yeye ndiye hudaka mipira yangu, na kidole gumba chake kimevimba kwa sababu hiyo. Nilinyoosha mikono. Alikata, akakata, akafika kwenye hizo mbili za mkono wa kulia.

"Hizi ni za nini, Profesa? Za kuchimba viazi?"

Wenzangu wakacheka.

Akainama, akanong'ona, "Hizi nitazikata kesho jioni. Mwalimu wa zamu akiziona, mimi ndiye nitachapwa." Akaenda kwa mwingine.

Nilikuwa nimemwomba Mungu zikatwe. Niliomba kweli, ili niseme siwezi kucheza na lisiwe kosa langu.

Sasa Kiprono amejihatarisha kwa ajili yangu, siwezi hata kusingizia tumbo. Nitalala mkono huu ukiwa juu ya blanketi, zisije zikavunjika.