Pedi Laini ya Naserian

Alhamisi

Tayari nilikuwa nimefunga pedi ngumu ya manyoya kwenye mashine ya polishi wakati Naserian alisema, "Baba Shiku, ngoja. Anza na laini."

Nimepiga magari polishi hapa Kitengela kwa miaka kumi na mbili. Yeye nilimwandika kazi mwaka jana. Nilikasirika, siwezi kudanganya.

Gari ni Prado nyeusi ya mzee wa Kisaju, itambeba bibi harusi Jumamosi. Mzee huipangusa vumbi kila asubuhi na kitambaa kikavu, kwa hivyo boneti imejaa mikwaruzo ya mviringo. Nikiona hivyo mimi huchukua pedi ngumu bila kufikiria.

Naserian alipitisha kiganja kwenye boneti polepole, vile kwao Umasaini hupapasa ng'ombe wakitafuta kupe. "Hapa kuna chembechembe. Ilipakwa upya, na hatujui rangi ni nene kiasi gani. Hiyo yako inaweza kuitoboa."

Akajaribu pedi ya sponji kwa kipande kidogo pembeni, akafuta, akamulika na tochi. Mikwaruzo ilikuwa imeisha. Ule mkono wake hauna haraka kabisa. Ningeanza mimi, saa hii ningekuwa natafuta mtu wa kupaka rangi.

Jioni mzee alijiona kwenye boneti, akacheka, akanipa mkono. "Wewe ni fundi," akaniambia.

Naserian alikuwa hapo karibu, anaosha pedi. Nikaupokea ule mkono, na sifa iliyokuwa yake.