Baba, Hatukutumwa

Landi, nyumba za wafanyakazi wa Reli, upande wa Rongai
Jumapili, baada ya kanisa

Baba,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu nimelisema kila mahali kwa wiki tatu sasa, bombani, dukani, hata kwa watu nisiowajua njiani, na wewe peke yako ndiye sijakuambia. Nimeolewa, Baba, na nina furaha mpaka naona haya. Anaitwa Joeli. Ni mrefu, hucheka polepole kama mtu anayefungua zawadi, na asubuhi akienda kazini nasimama mlangoni mpaka apotee nyuma ya tangi la maji, halafu nasimama kidogo tena bila sababu. Majirani wananicheka. Wacheke.

Sasa keti, kama huko uliko kuna mahali pa kuketi. Huyo Joeli ndiye aliyepaka alama ya kubomoa stesheni yako.

Usikasirike kwanza. Nitakueleza kwa mpangilio, ingawa kichwa changu siku hizi hakina mpangilio.

Tulikuzika Jumanne. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kitandani nimeugeukia ukuta, nikasikia brashi. Unaijua sauti ile, katani ikipita kwenye mbao kavu. Nikadhani nimepata wazimu. Nilitoka bila viatu, nikakimbia mpaka stesheni ya zamani, na pale barazani nikamkuta Mama Tabitha, jirani yetu, na debe lako la chokaa miguuni. Mzee Koskei, yule aliyestaafu kazi ya kugonga mataruma ya njia ya treni, alikuwa anafagia huku anakohoa vumbi. Nikawauliza wanafanya nini. Mama Tabitha hakugeuka hata. Akaniuliza, kwani leo si Jumamosi?

Nilikaa chini pale pale nikalia. Kisha akanipa brashi.

Baba, nataka kukiri jambo. Nilipokuwa narudi likizo kutoka shule nilikuonea haya. Stesheni mpya ya mawe ilikuwa imeshajengwa kule juu, wewe na taa zako za kuongozea treni mkahamishiwa huko, na bado kila Jumamosi ulishuka na debe kuipaka chokaa nyumba ya mbao ambayo Reli yenyewe ilikuwa imeisahau. Watu walisema kuku akisimama sana karibu nawe atapakwa naye. Mimi nilicheka pamoja nao, na wewe ulinisikia. Ulisema tu, "Wanaongoja wanahitaji mahali pasafi." Sikuelewa, kwa kuwa mimi nilisafiri kwenda shule asubuhi mapema kukiwa na baridi nzuri, sikuwahi kungoja saa saba mchana.

Sasa naelewa. Kule juu baraza ni ya Wazungu, na sisi tumewekewa ua wa waya, juani, bila hata ubao wa kukalia. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na gunia la viazi atangoja wapi? Anangoja kwako. Anakaa chini ya bati lako mpaka asikie filimbi kwenye kona, halafu anapanda zile hatua mia mbili kwenda kupanda treni. Ni nyumba ya kwanza iliyojengwa na Reli katika sehemu hii, wazee waliiona ikisimamishwa wakiwa watoto, na leo ndiyo kivuli pekee tulicho nacho. Hicho ndicho walichotaka kubomoa.

Basi tukaendelea. Wakaja akina mama wa shamba la ng'ombe baada ya kukamua. Akaja fundi seremala wa kanisani na mbao za makasha ya chai, ndiyo maana ukiketi kwenye benchi sasa unaona nusu ya jina la chai karibu na goti lako. Tuling'oa sakafu iliyooza upande wa chumba cha tiketi. Tulifunga vioo viwili, kimoja kina ufa lakini kinaonyesha Menengai vizuri kabisa, na ufa unapita katikati ya mlima kama njia.

Unajua jinsi siku hizi za Hali ya Hatari zilivyo. Watu wanne wakisimama pamoja, askari anakuja. Alikuja, na daftari lake, akauliza swali wanalouliza wote.

"Nani amewatuma?"

"Hatukutumwa," akasema Mama Tabitha.

"Mama, kila mtu ametumwa na mtu."

"Basi andika tumetumwa na uchafu."

Akasimama na kalamu juu ya karatasi muda mrefu. Daftari lake lilikuwa na mahali pa jina la aliyetuma, Baba, halikuwa na mahali pa watu wasiotumwa. Mwishowe aliomba maji ya kunywa akaenda zake.

Halafu ikaja ile alama. Wakubwa wa Nakuru walikuwa wamekagua majengo yote ya njia hii na kuandika yapi ni kondemu, ya kubomolewa. Siku ya Ijumaa, sote tukiwa makazini, kijana wa ofisini akaletwa kwa kiberenge, kile kigari cha relini, akapaka X nyekundu kubwa ukutani, upande wa mlango, akaondoka. Kesho yake Mama Tabitha alifika wa kwanza. Hajui kusoma, na hata angejua, X si neno. Akaona kuna mtu amechafua ukuta wa marehemu. Aliguna, akachovya brashi, akapaka chokaa mara tatu mpaka wekundu ukaisha. Nilipofika ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa, na yeye anawalaani watoto wa watu wasiofunzwa adabu.

Jumatatu wakaja wabomoaji, watu wanane na nyapara, na mitaimbo. Nyapara alikuwa na karatasi: bomoa jengo lenye alama nyekundu. Akazunguka nyumba. Akazunguka tena kwa upande mwingine. Akachungulia chini ya sakafu. Mzee Koskei alikuwa amekaa barazani akimtazama kwa huruma, akamwambia kitu pekee chenye wekundu hapa ni ndoo za kuzimia moto za stesheni ya mawe, kwa hivyo kama karatasi ni lazima, waanze na ile. Wale vijana wanane walicheka mpaka wakaweka mitaimbo chini. Nyapara hakucheka. Lakini unawajua watu wa Reli kuliko mimi, Baba. Bila alama hawezi kugusa msumari. Wakarudi Nakuru walivyokuja.

Siku hiyo ndipo tulipojua tumefuta nini. Mama Tabitha aliketi, mikono mapajani. Nilidhani anaogopa. Kumbe alikuwa anafikiri. Akauliza chokaa imebaki kiasi gani.

Kwa hivyo yule kijana wa ofisini akatumwa tena, akiwa amekaripiwa, na safari hii ilikuwa Jumamosi na mimi nilikuwepo. Baba, nitakuambia ukweli: nilimchukia nikimwona anashuka. Alikuwa na shati jeupe na kopo la rangi, na alipaka X yake kwa uangalifu, mistari imenyooka kama ya mwalimu. Alipoinama kusafisha brashi yake, nilikwenda mahali alipotoka nikaanza kupaka chokaa juu ya X ile, ikiwa bado mbichi. Rangi ikachanganyika, ukuta ukawa wa waridi. Akainuka akaniangalia.

"Dada, mimi nimetumwa."

"Mimi sikutumwa."

Alisimama pale na kopo lake, na nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hajawahi kuulizwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ukichanganya nyekundu na chokaa haitafutika, itabaki waridi siku zote, ingekuwa afadhali ningengoja ikauke. Ananifundisha jinsi ya kumshinda! Nilicheka nisitake. Naye akacheka, polepole vile, na mimi Baba nikaisha.

Ile sehemu ya waridi ipo mpaka leo. Tunakataa kuipaka tena, mimi na yeye.

Mara ya tatu alipotumwa alikuja na kopo limejaa na brashi kavu. Alikaa kwenye benchi saa nzima akiuliza habari zako. Nilimweleza jinsi ulivyokuwa unasafisha vioo vya taa kwa majivu na gazeti, na jinsi ulivyonisomesha shule mpaka sekondari wakati wenzako wanakuambia msichana ataishia jikoni. Treni ya Nakuru ilipokuja alisimama akaniambia atawaambia wakubwa kwamba hatapaka. Nilimwuliza kama anajua watamfanya nini. Akasema anajua. Walimtoa ofisini, wakamtia kwenye genge la kuvunja mawe. Shati jeupe analivaa kanisani sasa, na mikono yake ina malengelenge ambayo nayapaka mafuta kila jioni, na kila jioni namwuliza kama anajuta, ili tu nimsikie akisema hapana.

Baba mdogo alinishika mkono kanisani mahali pako. Alijitahidi, lakini anatembea haraka, wewe ungetembea polepole. Karamu tulifanyia barazani kwako, na watu waliokuwa wanangoja treni wakala nasi, hata mmoja akaikosa treni yake akasema hana haraka. Nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Halafu nikaona mtu kwa mbali, amevaa kofia kama yako, anashuka kutoka stesheni ya mawe, na kwa muda wa pumzi moja

Basi. Nilikuwa nimeahidi sitalia katika barua hii.

Alhamisi iliyopita mkubwa mwenyewe akaja kwa motokaa, na karani, na askari. Tulikuwa watu kumi na wawili. Alipita vyumba vyote, akikanyaga sakafu kwa nguvu ili ivunjike, nayo haikuvunjika. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha amri, kwamba hawezi kupaka alama kila wiki na sisi tufute kila wiki. Jengo litasimama iwapo kuna mtu mmoja wa kulijibia. Likianguka, likiungua, wakikutana humo watu wabaya, huyo ndiye atakayeshikwa. Anataka jina moja kwenye karatasi. La sivyo wabomoaji waje Jumatatu, na safari hii bila alama.

Baba, unajua jina kwenye karatasi ni nini siku hizi. Watu wamechukuliwa na malori kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye karatasi, na wake zao hawajui walipo. Mzee Koskei alitazama miguu yake, na simlaumu, ana wajukuu sita. Nilimtazama Joeli. Nilifikiri juu ya wiki tatu tu za nyumba yangu, sufuria zangu mpya ambazo bado zinang'aa, mlango wangu wa kusimamia asubuhi. Nilitaka sana mtu mwingine aseme.

Nikasema mimi.

Mkubwa hakunisikia, au alijifanya. Karani akamwonyesha Joeli kalamu: mume aandike. Joeli akaweka mikono yake yenye malengelenge nyuma ya mgongo.

"Mimi nilikuwa wa kupaka alama, bwana," akasema. "Mwenye kujibu ni huyu."

Karani akaona haya kwa niaba ya Joeli. Akaninong'oneza, binti, wewe bado mgeni katika ndoa, usijitafutie taabu. Karatasi ilikuwa imeandikwa Bwana, halafu mstari. Nikakata Bwana. Nikaandika Bibi, nikaandika jina langu lote kwa mwandiko ule walionifundisha shuleni kwa jasho lako. Mkubwa alisoma, akasema yakipatikana makosa mwezi wowote anajua pa kunipata. Nikamwambia ndiyo, bwana, nipo hapa kila Jumamosi, na siku nyingine naweza kuitwa.

Basi stesheni yako imesimama, Baba, na mimi ndiye wa kushikwa ikianguka. Sijawahi kuwa na hofu namna hii wala furaha namna hii, na zote mbili zinalala kitanda kimoja na mume wangu mzuri.

Sasa naacha, chai imeiva na ananiita. Lala salama, Baba yangu. Ahadi yangu ni hii: hakuna mtu atakayengoja treni juani mahali hapa maadamu niko hai, na mtoto nitakayemzaa nitamkabidhi kazi hii kabla sijamkabidhi kitu kingine chochote. Mvua za masika zinakuja na bati la upande wa kusini limeachia misumari. Mama Tabitha anasema mwanamke aliyeolewa juzi hapandi ngazi mbele za watu. Nimemwambia anishikie ngazi.

Wakija wakati wowote kunitafuta, watatazama juu.

Mwanao,
Rispa