Springi ya Nyuma

Mwenzio leo nimeumbuka. Usinipigie, sina sauti, soma tu.

Unaijua ile baiskeli yangu ya milimani. Shemeji akiichukua kuitengeneza, hairudi ilivyokuwa. Mara breki za waya hazipo, zimekuja za diski. Mara tairi nyembamba zimegeuka pana. Nikaanza kujiuliza za zamani anazipeleka wapi.

Juzi kazini nikaona ya mwenzetu mmoja, ina springi mbele na nyuma. Yangu mbele tu. Nikajua ya nyuma keshaing'oa.

Leo nimeifuata kwa mama mkwe, shemeji alikokuwa akiitengeneza tena, nakuta gia za mbele zilikuwa tatu, imebaki moja. Damu ikachemka. Familia nzima iko mezani, nikamuuliza shemeji, "Na springi yangu ya nyuma umemuuzia nani?"

UMEMUUZIA NANI. Mbele ya mama yake.

Mama mkwe akaweka kijiko chini, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, iliwahi kuwa nayo?"

Haikuwahi. Aina ile nyuma ni chuma kitupu tangu kiwandani. Hata ya mbele aliifunga shemeji mwenyewe, mikono iliponiuma kwa mashimo ya barabarani.

Na gia? "Za mbele zilikuchanganya, nikazipunguza," akasema. "Za nyuma nilikuongezea. Hukuangalia."

Hakugomba. Mume wangu kainamia sahani. Shemeji akanawa, akatoka kunijazia tairi upepo.

Kunijazia upepo, mimi niliyetoka kumwita mwizi.

Nimerudi nayo. Kile kilima ninachopandaga nikiisukuma kila siku, leo nimekipanda hadi juu bila kushuka. Hapo ndipo nilipolia.