Matimba Yale Niliyaweka Mwenyewe

Samuye,
Shinyanga.
7 Julai 2024.

Mpendwa dada Scolastika,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Donatus na watoto hamjambo huko Songea, na kwamba baridi ya mwezi huu haijauamsha ule mgongo wako. Mimi ni mzima, ila vidole vimechanika kwa kuvuna pamba isiyo yangu. Sababu utaiona mbele.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukuniacha nimalize. Uliniambia niseme ni ibilisi, yaishe, kisha ukakata. Barua haikatwi, dada. Keti uisome.

Kule Bugarama kazi yangu ilikuwa kuweka matimba, zile nguzo za kushikilia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, ili wachimbaji wasifukiwe. Tulipohamia duara jipya niliambiwa nikakate miti mibichi. Nikaona uvivu. Nikang'oa matimba ya duara la zamani, nikayagonga kwa nyundo moja moja. Moja lililia kwa ndani kama kitu kilichooza, nami nikalipigilia hivyo hivyo. Ile sauti niliisikia vizuri, hakuna aliyeniziba masikio.

Siku ya tatu ukuta uliporomoka, ukamvunja Eustace mguu. Ni huyu huyu Eustace jirani yetu wa Samuye, tuliyechunga naye ng'ombe.

Sasa jana yake shangazi Mageni alikuwa amekuja kunitembelea, kaniletea michembe ya viazi vikavu, na kwa furaha yake akasogea hadi mdomoni mwa duara kuniita. Unajua wachimbaji wanavyoogopa mwanamke kukaribia duara. Ndugu za Eustace wakaenda kwa mganga, naye akawatajia mchawi kuwa ni mwanamke mwenye macho mekundu aliyechungulia shimo. Wewe na mimi tumepuliza moto wa samadi jikoni kwa shangazi tangu tukiwa wadogo, na tunajua macho yale yametoka wapi.

Walimkuta kwake hapa Samuye anaanika viazi. Wakaezua nyumba yake, wakamwambia angojee mkutano wa sungusungu, na huko ama atahama kijiji ama yatampata makubwa. Habari zilinifikia siku hiyo hiyo. Nikanyamaza siku nne, na ni katika siku hizo nilikupigia.

Ulinikumbusha pia kwamba ukoo wetu una laana, kwamba hata babu alikuwa mtu wa kuharibu vya watu. Dada, nimeifikiria sana hoja hiyo na siikubali. Mungu alipouliza habari za lile tunda, mume alimsonta mkewe, mke akamsonta nyoka, na tangu siku hiyo tunasontana tu. Sikatai kwamba ibilisi yupo, wala kwamba ananong'ona. Lakini nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Kama yeye ndiye aliyeliweka lile timba, basi msamaha nao ni wake, na mimi nitabaki na nini?

Mimi si mtu mbaya sana, wala si mwema. Ni mtu anayetafuta kivuli kazi ikiwa bado haijaisha. Mungu aliniumba nikiwa na uwezo wa kusema hapana, nami siku ile sikuutumia. Ukiniondolea kosa langu, umeniondolea na huo uwezo, na hapo sijui utakuwa unamwombea nani.

Basi nilipanda gari nikaja mkutanoni. Shangazi alikuwa ameketishwa chini, katikati ya watu, hamtazami mtu. Nikasimama nikaeleza habari za matimba tangu mwanzo. Kamanda wa sungusungu akaniuliza nani alinituma.

"Nilijituma," nikasema.

Walinishikashika kidogo, sitakuficha, na jino moja halipo. Lakini shangazi waliinuka wakamwacha. Mwenye duara amenifukuza, na ndiyo maana navuna pamba ya Eustace hadi atakapoweza kusimama. Yeye bado hataki kuongea nami. Simlazimishi.

Mchungaji naye amekuja mara mbili, anataka Jumapili nisimame mbele nitolewe pepo la uharibifu. Ni mtu mwema na nimemjibu kwa heshima. Nimemwambia aniombee toba kadiri atakavyo, ila akilitoa pepo na kosa likaondoka nalo, nani atabaki kumvunia Eustace? Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Nyumba ya shangazi nimeiezeka upya. Nilipomaliza nilimwamkia, nikangoja anishukuru, maana kiburi nacho ninacho. Alinitazama kwa macho yale yale.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "ulichelewa siku nne."

Hizo siku nne nazo ni zangu, dada, na moja kati yake tuligawana mimi na wewe kwenye simu. Sikuandikii ili kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu nakupenda na kwa sababu nimechoka kusamehewa kwa jina la mwingine.

Nisalimie shemeji Donatus, na mwambie mwanao Sikujua kwamba mjomba wake hajambo. Shangazi anawasalimu, naye anauliza utakuja lini. Mungu awalinde nyote, awape na moyo wa kumjibu anapowaita kwa majina.

Ukinijibu, nijibu mimi. Usimjibu ibilisi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tunapogombana,
Nkwabi